Sasa ya Nani? Kumsoma Mbiti Kando ya Ndiva

Kuna sentensi inayozunguka kwenye kumbi za semina na kwenye vijiwe vya kahawa: "Waafrika tulijua uhusianifu kabla ya Einstein." Kijiweni hutamkwa mtu anapochelewa kikao kwa saa mbili, na watu wakacheka. Semina huitamka kwa uso mkavu, na shahidi anayeitwa mara nyingi ni John Mbiti. Makala hii inataka kumwondolea Mbiti sifa hiyo, kisha ibishane naye kwa jambo jingine. Hoja ikishavikwa sifa isiyo yake haihojiwi tena, na hoja ya Mbiti inastahili kuhojiwa.

Mbiti alizaliwa Kitui, Kenya, mwaka 1931, akafundisha Makerere, na mwaka 1969 akachapisha African Religions and Philosophy. Sura yake juu ya wakati ndiyo iliyozua ubishi mrefu kuliko zote. Anasema kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati haukai kama debe tupu linalosubiri kujazwa. Wakati ni matukio yenyewe: yaliyokwisha kutokea, yanayotokea, na yale ambayo lazima yatokee karibuni. Kitu ambacho hakijatokea, wala hakina dalili ya kutokea hivi karibuni, hakina wakati. Kwa hiyo wakati una pande mbili, uliopita ambao ni mrefu na uliopo ambao ni mfupi, na ujao karibu haupo kabisa. Ingawa ushahidi wake mkubwa aliutoa kwenye nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, kwa majina ya pande hizo alikopa Kiswahili: Sasa na Zamani. Sasa yake si nukta. Ina upana, inabeba ya juzi na ya wiki ijayo. Zamani ndiko kila tukio huishia.

Mfano wake ninaoupenda unatoka Ankore, Uganda, ambako siku ilipimwa kwa ng'ombe: wakati wa kukamua, wakati wa kunywesha, wakati wa kurudi zizini. Upande wa pili Mbiti anaweka jamii za viwandani, ambako wakati huhesabiwa kwa mashine, ukanunuliwa na kuuzwa. Hapo ndipo ukuta unapojengwa: huku tukio, kule saa.

Ukuta huo hausimami, na anayeubomoa ni Einstein mwenyewe. Mwaka 1905, akiwa mkaguzi wa maombi ya hataza mjini Bern, aliandika makala ya fizikia ambayo sehemu yake ya kwanza, baada ya utangulizi, inashughulikia swali ambalo mtoto angeweza kuliuliza. Nikisema treni inafika hapa saa saba, nina maana gani? Anajibu kwamba mambo mawili yametokea pamoja: mshale mfupi wa saa yangu umegusa saba, na treni imefika. Basi. Msomaji wa Same atatabasamu, kwa kuwa saa saba ya Einstein asubuhi ni saa moja yetu, lakini hoja haiguswi na hilo. Mshale kugusa namba ni tukio. Ng'ombe kufika zizini ni tukio. Saa ya Bern na ng'ombe wa Ankore ni ndugu. Tofauti yao ni kwamba mshale hurudia mzunguko wake kwa usahihi zaidi. Fizikia ya kisasa ilianza kwa kukiri kwamba hakuna wakati unaoshikika nje ya matukio yanayokutana.

Treni ya Einstein si ya mbali na kwetu. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka huohuo wa 1905, kisha ikapita chini ya Milima ya Upare na kufika Moshi mwaka 1911. Treni ya abiria ilirudi kwenye njia hiyo mwaka 2019 baada ya kimya cha miaka mingi. Basi tuitumie. Treni inapita stesheni ya Same bila kusimama. Mama mmoja ameketi katikati kabisa ya treni, kijana amesimama jukwaani. Mama anapopita mbele ya kijana, radi mbili zinapiga, moja kichwani mwa treni na nyingine mkiani, na mwanga wa zote mbili unamfikia kijana kwa pamoja. Alama za radi ardhini ziko umbali sawa kutoka alipo, kwa hiyo anasema: zimepiga wakati mmoja. Mama anasogea kuelekea ulikopiga ule wa mbele, kwa hiyo mwanga wa mbele unamfikia kwanza. Angeweza kusema, "Ni kwa sababu mimi ndiye ninayetembea." Lakini majaribio yote yanaonyesha kwamba hata yeye, akipima ndani ya behewa, atakuta mwanga wa mbele na wa nyuma una kasi ileile, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Yuko katikati, kasi ni moja, na mmoja umetangulia kufika. Lazima aseme radi ya mbele ilitangulia kupiga. Hakuna aliyekosea. Kwa treni ya kawaida tofauti yao haifiki sehemu moja ya trilioni ya sekunde, ila haiondoki hata ukiipuuza.

Hapa ndipo mtu wa kijiweni anaporuka na kusema: umeona? Kila mtu na wakati wake. Ndipo mtu wa semina naye anapoleta ushahidi wa lugha. Ushahidi huo una mvuto, kwa hiyo tuutazame kwa haki.

Wa kwanza ni saa zetu. Tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, simu inaandika 7:00, sisi tunasoma saa moja, na hakuna anayechelewa basi la Dar es Salaam kwa sababu hiyo. Je, huu si uhusianifu? Hapana. Tumebadili majina tu. Tofauti ya saa sita ni ileile kwa kila tukio, na ukiijua unarudi ulikotoka bila kupoteza kitu. Mwaka 1917 mwanafizikia Erich Kretschmann alimbana Einstein kwa hoja ya aina hii hasa. Einstein alikuwa akijivunia kwamba nadharia yake mpya ya mvutano inaweza kuandikwa kwa mfumo wowote wa kuweka namba kwenye mahali na wakati. Kretschmann akamwambia kwamba nadharia yoyote, hata ya kale, ikishughulikiwa na mwanahisabati hodari inaweza kuandikwa hivyo. Uhuru wa kubadili namba peke yake hausemi lolote juu ya ulimwengu. Mwaka uliofuata Einstein alikubali uzito wa hoja hiyo. Hadi leo wanafalsafa wa fizikia wanaulizana ni nini basi katika nadharia ile kinachozungumzia ulimwengu na ni nini kinachozungumzia uandishi wetu. Saa moja na saba ni uandishi. Mama na kijana wa Same ni ulimwengu.

Ushahidi wa pili ni mzuri zaidi. Kiswahili hutumia -po- moja kwa mahali na kwa wakati: "mahali nilipokaa" na "nilipokaa, nikasinzia". Padre Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Kinyarwanda, aliweka mahali na wakati katika fungu moja la vitu, hantu. Mwaka 1908 Hermann Minkowski naye alitangaza mjini Köln kwamba mahali peke yake na wakati peke yake vitafifia, na muungano wao ndio utakaobaki. Ni rahisi kushangilia. Ila Minkowski hakuishia kuunganisha. Alionyesha jinsi ya kupima muungano huo: watazamaji wawili wakitofautiana juu ya umbali wa matukio mawili na juu ya muda uliopita kati yake, kuna kiasi kimoja kinachotokana na vyote viwili ambacho lazima wakubaliane. Katika kukokotoa kiasi hicho, wakati na mahali vina alama zinazopingana, ya kujumlisha na ya kutoa. Alama ile ya kutoa ndiyo nadharia yenyewe. Sarufi yetu inaunganisha, haipimi. Kumwambia Kagame kwamba alimtangulia Minkowski, au alimfuata, ni kumnyang'anya kazi aliyokuwa akiifanya kweli, ya kuuliza lugha yake inagawa vitu vilivyopo kwa mafungu gani.

Minkowski hata jina la "uhusianifu" aliliona dhaifu. Yeye alitaka lisemwe lile lisilobadilika. Nakubaliana naye, na nadhani Kiswahili kimeumia zaidi kwa jina hilo kuliko lugha nyingine. Fizikia ya sekondari tunafundishwa kwa Kiingereza. Neno likifika kwenye Kiswahili linafika peke yake bila milinganyo yake, na kazi pekee linayopewa ni ya utani au ya kujisifu. Linageuka kuwa msemo wa "inategemea". Nadharia yenyewe inafanya kazi ya kuchuja: inaondoa yanayomtegemea mtazamaji ili yabaki yasiyomtegemea.

Kuyaona yanayobaki, tupande kutoka kwenye reli. Watu wa Upare wana mabwawa madogo ya jadi yaitwayo ndiva. Mfereji huleta maji ya kijito, ndiva hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa, na maji huenda mashambani kwa zamu. Katika bonde la Makanya mpangilio unaonekana kwa macho: Vudee iko juu, Bangalala katikati, Makanya chini karibu na reli. Maji yakizuiwa juu, chini ni vumbi. Ugomvi juu ya nani alifungua na lini ni ugomvi wa mahindi na watoto.

Maji yaliyofunguliwa Vudee hufika Bangalala baadaye. Mpangilio huo haumtegemei anayetazama. Aliye kwenye treni, aliye kwenye ndege inayoshuka uwanja wa Kilimanjaro, aliye juu ya kilele cha Shengena, wote watakubaliana kwamba kufungua kulitangulia kupokea. Nadharia ya Einstein inalinda jambo hili kwa ukali: tukio moja likiweza kuligusa jingine, kwa maji, kwa sauti au kwa mwanga, hakuna mtazamaji atakayeyageuza kichwa chini. Chukua sasa ndiva mbili katika mabonde yasiyopeana maji, zilizoachana kilomita 30. Mwanga huchukua sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde kutoka moja hadi nyingine. Zikifunguliwa ndani ya mwanya huo, hakuna kinachoweza kutoka moja kikaigusa nyingine kabla haijafunguliwa, na swali la ipi ilitangulia halina jibu moja la wote.

Utasema: tulinganishe saa. Jaribu. Natuma mwanga kutoka ndiva ya kwanza, unagonga kioo kwenye ya pili, unarudi. Muda wa kwenda na kurudi ninaujua kwa saa yangu moja. Muda wa kwenda peke yake ningeujua kama saa mbili zingekuwa zimeshalinganishwa, na hicho ndicho ninachokitafuta. Einstein aliukata mzunguko huu kwa kuweka kanuni kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Hans Reichenbach, mwaka 1928, alisema wazi kwamba hiyo ni kanuni tuliyoichagua, na tungeweza kuchagua nyingine. Mwaka 1977 David Malament alimjibu: ukianza na mpangilio wa sababu na matokeo, pamoja na njia ya mtazamaji mmoja, na ukaacha majibu yasiyo na maana, chaguo la Einstein ndilo pekee linalobaki. Wapo wasioridhika na jibu hilo hata leo. Ninachokiona mimi ni kwamba pande zote mbili zinaanzia Vudee na Bangalala, kwenye nini kinaweza kugusa nini, ndipo zinaenda kwenye saa.

Sasa tunaweza kumuuliza Mbiti swali linalomfaa. Sasa anayoisema ni ya nani?

Anajibu kwamba kila mtu ana yake, na jamii nayo ina yake, kubwa zaidi, iliyokuwapo kabla mtu hajazaliwa. Hajiulizi kama Sasa hizo zinaweza kuunganishwa ziwe moja. Anachukulia kwamba kijiji kina Sasa kama kilivyo na kisima. Kwa kijiji ni kweli, na sababu yake ni kwamba mwanga una haraka kuliko shughuli zetu zote. Panua kidogo na hali inabadilika. Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8 na ushee. Kwa hiyo kuna dakika 16 na ushee za maisha ya Jua ambazo, kwa mtu aliyesimama Same wakati huu, hazikutangulia wala hazifuati: haziwezi kumgusa na yeye hawezi kuzigusa. Sasa ya Mbiti ina upana kwa sababu ya kumbukumbu na matarajio. Sasa ya fizikia ina upana kwa sababu ya umbali. Zinafanana kwa sura, si kwa damu, na mkosoaji anayezichanganya hamsaidii yeyote.

Hata milima inatia mkono wake. Saa iliyo mita 1,000 juu ya tambarare hutangulia ya chini kwa sehemu 9 hivi za bilioni ya sekunde kila siku. Robert Pound na Glen Rebka walionyesha athari hii mwaka 1960 ndani ya mnara wa mita 22.5 huko Harvard. Mwaka 2010 saa za atomu nchini Marekani ziliionyesha kwa tofauti ya kimo isiyofika nusu mita. Bibi aliyeishi miaka 70 milimani amezeeka zaidi ya pacha wake wa tambarare kwa robo hivi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hatakusumbua nayo. Lakini haikutokana na mtazamo wake wala utamaduni wake. Wakikutana sokoni, saa zao, kama ni nzuri kiasi hicho, zitaonyesha tofauti hiyo, na kila aliyepo sokoni ataisoma vilevile.

Limebaki la ujao, ambalo ndilo ninalobishana nalo hasa. Wapo waliotumia fizikia kusema kinyume kabisa cha Mbiti. Hilary Putnam, mwaka 1967, alihoji hivi: kama Sasa ya mama wa treni inagusa tukio ambalo kwangu bado, na kama yaliyo katika Sasa ya yeyote aliyepo nami ni halisi, basi tukio hilo ni halisi tayari. Ukiendelea hivyo ujao wote upo, umetandazwa kama milima yenyewe. Howard Stein alimjibu mwaka uliofuata. Kosa, alisema, ni kuichukua Sasa ya mbali kana kwamba ina uzito wa kuamua kilicho halisi. Ukitaka kusema kipi kimekwisha kuwa, kwa hapa na sasa, sema kile kilichoweza kutufikia. Kwa mwenye shamba la Bangalala, kilichokwisha kuwa ni kile ambacho maji yake, au habari zake, zimeweza kumfika.

Jibu la Stein linamkaribia Mbiti kuliko Putnam, na ningependa wanaompenda Mbiti walishike hilo badala ya utani wa kijiweni. Linamwachia Zamani yake: wakati halisi ni matukio yaliyotimia, na kila mahali pana Zamani ya pale. Haliupi ujao uhalisi ambao haujaufikia. Lakini halisemi kwamba watu hawaufikirii ujao, na hapo Mbiti alivuka mpaka wake. Kwamba kitu bado hakijawa ni suala moja. Kwamba watu hawana fikra yake ni suala jingine, na hilo la pili huamuliwa kwa kuwatazama watu. Kwame Gyekye, mwaka 1987, alimpinga kwa ushahidi wa Kiakan. Kiswahili, ambacho Mbiti alikikopa majina yake mawili, kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, siku nne mbele na kila moja na jina lake. Najua siku nne si miaka mia. Basi tusitegemee msamiati, tutazame ndiva.

Ndiva haichimbwi kwa ajili ya mavuno ya mwaka huu peke yake. Kuna mfereji wa kusafishwa kila msimu, zamu za kukubaliana, kuta za kuziba, na watoto wa kufundishwa kuziba. Wengi wa waliozichimba wamekwisha kufa, na maji bado yanapita walikoyaelekeza. Mbiti angesema huo ni mdundo wa msimu, jambo la lazima linalojirudia, hivyo bado liko ndani ya Sasa pana. Lakini mdundo wa mvua haujengi ukuta. Anayeujenga anajua unaweza kubomoka, anajua mvua inaweza kukosa, na anapanga kwa ajili ya watu ambao hawajawa na jina. Huo ni ujao usio na uhakika, uliofikiriwa na kutolewa jasho, na ndio ule hasa ambao Mbiti alisema haupo.

Kwa hiyo kwa Mbiti nachukua hili: wakati ni matukio. Einstein alianzia hapohapo, bila mmoja kumwazima mwenzake. Naliacha lile la ujao, na naiacha ile Sasa moja kwa watu wote. Nadhani tuna deni la kuandika mambo haya kwa Kiswahili kwa hatua zake zote, pamoja na milinganyo inapohitajika, ili mwanafunzi wa Same anayelisikia neno uhusianifu aulize kwanza: ni kipi hapa ambacho aliye juu na aliye chini watakubaliana? Kwenye bonde la Makanya hilo ndilo swali linaloamua nani anamwagilia leo.